Kisolo Bila Marudiano

Kisolo ni mchezo wa kete na mashimo. Kwetu Likasi tuliyachimba ardhini, safu nne, tukacheza kwa mbegu. Mtaani kulikuwa na kanuni moja: aliyeshindwa akiomba marudiano, mshindi hamnyimi. Giza likiingia, marudiano ni kesho yake, na mshindi ndiye anayetangulia kufika.

Baba, aliyetoka Kasai, alishindwa na jirani yetu, mvunja mawe wa Kakontwe, mbele ya mtaa mzima. Jua lilikuwa bado juu.

"Turudilie," baba akasema.

Jirani akasimama, akajipangusa vumbi. "Kesho, Mukasai. Leo enda ulale na aibu yako."

Kesho yake baba akapanga kete, akangoja. Jirani akapita upande wa pili wa barabara akipiga mluzi. Siku iliyofuata vilevile. Watu wakaanza kumwita Papa Kesho, yaani Baba Kesho, hata kanisani. Hakugusa kete tena mpaka tulipomzika.

Mimi nimeishi Kolwezi, Kasumbalesa, na ng'ambo ya mpaka, sijatulia pahali. Popote nilipokuta wacheza kisolo niliketi, nikapigwa, nikajifunza. Kila mpinzani nilimvika uso wa mtu mmoja.

Mwaka huu nimerudi. Nilimkuta jirani yule mbele ya nyumba yake ileile, mzee sasa, meno yamepungua, ulimi haujapungua.

"Weye ni mutoto wa Papa Kesho! Baba yako alikuwa anahesabia na midomo sawa mutoto wa masomo. Na weye?"

"Miye nahesabia na macho, papa. Ikala chini tucheze."

Majirani wakajaa. Nilimla polepole, shimo kwa shimo. Nilimwachia tumaini kidogo, kisha nikalichukua nalo. Mwishowe alibaki na mbegu zisizoweza kwenda popote. Mtu akacheka. Mishipa ikamsimama mzee shingoni.

"Turudilie," akasema, kwa sauti ndogo. Jua lilikuwa bado juu.

Nikasimama, nikajipangusa vumbi. "Kesho, papa."

Asubuhi nilibeba begi langu nikaondoka. Alikuwa amekwisha kuketi, kete zimepangwa, shati safi limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nikapita upande wa pili wa barabara. Sijui kupiga mluzi vizuri, lakini nilijitahidi.

Nyuma yangu mama muuza mikate akapaza sauti: "Eh, Papa Kesho, unangoja nani?"

Sikugeuka. Nilipunguza tu mwendo, nisikie kama mwingine atalirudia jina hilo. Wakalirudia.