Vidole vya Roza

Bujiku alipohama Shinyanga na ng'ombe wake kuja Usangu, binti yake Roza alikuwa angali akibebwa mgongoni. Mtoto akakulia mbugani, na mchezo wake ukawa udongo mweusi wa kandokando ya mto. Alifinyanga ng'ombe wa baba yake, mmoja mmoja, hata mgeni angeweza kusema huyu ndiye yule aliyevunjika pembe, na huyu ndiye yule ambaye nundu yake imelala upande. Bujiku aliwaita watu waje kuona. "Mtoto huyu ana macho," alijisifu.

Mwaka 1974 ugonjwa wa ndigana ukaingia zizini. Ng'ombe walivimba matezi, wakahema kama waliofukuzwa na simba, wakaanguka. Bujiku akamwita mganga. Mganga alizunguka boma, na nyuma ya ghala akakuta ng'ombe wa udongo wamepangwa juani wakauke.

"Bujiku, mchawi unamtafutia wapi?" aliuliza. "Ng'ombe wako wanaitwa kaburini na mtu wa humu humu ndani."

Roza, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamriwa awakanyage wote. Akawakanyaga huku analia. Kisha baba yake akashika mpini wa jembe, akamwambia aweke mkono wa kulia juu ya kinu kilicholazwa. Mtoto akauficha kwapani. Aliyeuvuta mkono ule na kuukandamiza kwenye kinu alikuwa mama yake, Regina, uso ameugeuzia mbugani. Vidole vitatu vilivunjika. Ng'ombe waliobaki nao wakafa vilevile.

Bujiku hakutaka kumwona tena. Roza akapelekwa Iringa mjini kwa Mwanakhamisi, mke wa mfanyabiashara, awe mtumishi wa ndani. Vidole vilipona vimepinda. "Wameniletea kilema," Mwanakhamisi aliwaambia wageni, Roza akiwa amesimama palepale na sinia la chai. Kila kikombe kilichomponyoka kilimletea kofi, na siku alipoangusha birika la kaure alitupwa nje na kanga yake moja.

Akaenda kwa Sedekia, mfinyanzi mzee ambaye alikuwa akitumwa kwake kununua mitungi. Sedekia hakumpa pole.

"Nioneshe mikono." Akaitazama. "Chungu hukiwezi. Chungu kinataka kiganja kinachofunguka. Finyanga watu. Watu nao wamepinda."

Sanamu yake ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anayecheka. Sedekia akaitupa chini. "Anacheka nini? Muongo huyu!" Ya pili akaivunja, ya tatu pia. Roza alimchukia, lakini kwa mara ya kwanza mtu aliyemvunjia kitu alimwambia sababu, na kesho yake alikanda udongo upya.

Mwaka 1979 kazi zake ziliwekwa kwenye maonyesho ya Sabasaba mjini Iringa. Watu walijaa mbele ya sanamu moja: mwanamke amepiga magoti, amekandamiza mkono wa mtoto. Mwanamke huyo hakuwa na uso.

Habari zilifika Usangu. Regina akaja, amekonda, miguu imejaa vumbi. Alisimama mbele ya sanamu mpaka watu wakapungua.

"Roza mwanangu, mbona hukuniwekea uso?"

"Sikuuona, mayu. Uliugeuza."

Regina akaugusa mkono wa yule mtoto wa udongo. "Baba yako alikuwa ameshachukua panga. Mimi ndiye niliyemshikisha mpini wa jembe badala yake. Nisingekushika, angekukata mkono wote."

Roza hakukumbuka panga lolote. Alimkazia mama yake macho, kama alivyofundishwa na Sedekia kutazama, atafute uongo usoni mwake. Hakuuona, wala ukweli hakuuona. Aliona mwanamke mzee amechoka.

"Watu wananisubiri," alisema.

Regina akapanda basi la Mbeya siku ileile. Mwaka uliofuata alifariki, na habari zikamfikia Roza wakati matanga yameshaondolewa. Alijaribu kufinyanga uso ule mara nyingi, na kila mara aliuvunja mwenyewe, bila kumngoja Sedekia.