Dirisha Lililotazama Pasipotazamwa

Nilipopewa kazi ya kusanifu makumbusho madogo ya uvuvi kando ya ziwa, huku kwetu Ujiji, niliringa hadi nikawa kero. Wasanifu wengine, nilimwambia kila aliyekuwa na masikio, huleta jengo kama mtu anayeleta kabati. Mimi mtoto wa hapa, langu litaota lenyewe mchangani. Kuta za mawe ya hapahapa, paa linaloinama na mteremko, na upande wa magharibi kioo kimoja kutoka sakafuni hadi darini, ziwa na milima ya Kongo viingie ndani. Maneno hayo niliyasema hata msibani.

Aliyenivumilia kuliko wote ni mama, mchuuzi wa dagaa, aliyenisomesha kwa dagaa hao hao. Majengo yangu mengine yako Dar es Salaam na Dodoma, hajawahi kukanyaga hata moja. Nilitaka hili aingie yeye wa kwanza.

Turubai lililoziba dirisha lilipotolewa na kioo kikafungwa, nilimleta jioni. Alifika mlangoni, akatazama moja kwa moja hadi nje ya kioo, akajifunga kitenge upya.

"Mwana wanje," alisema kwa Kiha, yaani mwanangu, anavyoniita nikimtia aibu. "Na sisi unatuweka makumbusho?"

Akageuka, akarudi nyumbani. Chini ya dirisha langu, ng'ambo ya matete, wanawake wa mtaa walikuwa wakioga, kama walivyooga tangu enzi za bibi yangu.

Utaniuliza, mtoto wa hapa hukujua? Sikujua kwa sababu nililelewa vizuri. Mwanamume wa kwetu akikaribia matete yale hukohoa kwa nguvu, hugeuza uso upande wa nyumba, hupita haraka. Naweza kukuchorea kila mlango wa upande wa nyumba. Upande wa pili sikuwahi kuutazama, hadi nilipokwenda kupima kiwanja kwenye jua kali, saa ambayo hakuna anayeoga, nikaandika kwenye ramani: ufukwe mtupu.

Wanawake wakahamia mbali, kule kwenye miamba, mama naye akijikongoja na goti lake bovu. Hakuniuliza tena habari za jengo. Nikapendekeza mapazia.

"Pazia lina mtu wa kulifungua," alijibu, akaendelea kupepeta dagaa.

Basi nikawaambia mafundi wapandishe ukuta mbele ya kioo, mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu. Ukabaki mwanya wa mbingu, na vilele vya Kongo siku isiyo na ukungu. Katika makumbusho ya ziwa, ziwa halionekani. Linasikika tu, pamoja na vicheko vya wanawake, maana walirudi.

Siku ya kufungua, mama alisimama kizingitini na wenzake, hataki kuingia.

"Tangulia wewe," alisema.

Nilitembea kuelekea ukuta nikiwa na suti yangu na hotuba mfukoni. Nilipoukaribia nikakohoa kwa nguvu, uso ukageuka wenyewe upande wa nyumba. Sikukusudia hata kidogo.

Nyuma yangu mama aliangua kicheko. Kisha nikasikia ndala zake zikiingia.