Siku Maji Yalipokata Jiwe la Mama

Mama alipofariki, nilibaki na nyumba ya Kongwa, kuku, na jiwe lake la kusagia. Kubaki ndiyo kazi pekee niliyoiweza maishani. Dada yangu mkubwa, aliyehamia Chimwaga, husema mimi ni kuku anayetamia mayai ya plastiki. Kaka yetu wa Mpwapwa huongeza kwamba hata kuku hutoka nje kunya.

Jiwe lilikuwa refu kama mkono wa mtu mzima, limelika katikati kwa miaka ya mama kupiga magoti na kusaga karanga za kuungia mlenda. Mashine ya kusaga ilikuwa jirani tu, lakini alisema karanga za mashine zina ladha ya mkanda. Mlio wa jiwe lile ndio ulioniamsha alfajiri tangu utoto hadi nimeota mvi. Sikutaka litoke pale jikoni.

"Wewe una nyumba, una kaburi lake hapo uani," dada aliniambia baada ya matanga. "Sisi tukimkumbuka tushike nini?"

Tukakubaliana jiwe ligawanywe vipande vitatu. Fundi wa kwanza, mwenye grinda ya kukatia mawe, alikataa: jiwe lilikuwa na ufa wa zamani, joto na mtikisiko vingelipasua. Ndipo dada akakumbuka karakana ya mjini Dodoma iliyomkatia granaiti ya jikoni kwake kwa maji.

"Kwa maji?" nikauliza. "Haya yetu yanayotoka bombani kwa kukohoa?"

Fundi wa karakana alikuwa mwanamke mcheshi mwenye miwani mikubwa ya plastiki. Nilimuuliza maji yake yamesomea wapi. Akacheka, akanieleza taratibu, maana aliona fizikia iliniacha kidato cha pili. Pampu inayabana maji kwa nguvu kubwa mno, kisha yanalazimishwa kupita kwenye tundu jembamba kama la sindano. Yakiwa matupu hukata sponji za makochi na mpira. Kwa chuma, kioo au jiwe, huchanganywa na mchanga mgumu mwekundu. Mchanga ndio unaokula, maji yanausukuma. Kompyuta huongoza mdomo wa mashine kwenye mstari uliochorwa, na tangi la maji lililo chini humeza nguvu inayobaki. Hakuna joto la kupasua kioo wala kupinda chuma. Ukutani alitundika kazi zake: gasketi za injini, herufi za alumini za mabango, ua la vigae vya rangi rangi.

"Likishakatwa, kaka, mashine hii haina rivasi," fundi aliniambia, kidole kikiwa juu ya kitufe. "Mna hakika?"

Dada na kaka wakanitazama mimi. Mimi, niliyeshindwa hata kuchagua soda njiani!

"Kata tu, fundi," nikasema.

Mashine ikalia kama nguo mpya inayochanwa bila kwisha. Jiwe halikutoa cheche hata moja. Mdomo ulitambaa polepole kuliko konokono, nyuma yake ukabaki mstari mwembamba, na maji ya tangini yakageuka kijivu. Kaka, mtani wa misiba yote, alisema anatoka kuangalia pikipiki. Tulikuja kwa basi.

Wenzangu walichukua ncha, wakaniachia kipande cha katikati, chenye bonde la mama.

"Wewe ndiye uliyezila karanga," dada alisema, akanigeuzia mgongo.

Juzi alinipigia simu. "Langu liko juu ya kabati sebuleni, wageni wanadhani ni pambo. Lako?"

"Nalisagia."

"Karanga si zinamwagika?"

"Pande zote mbili. Kuku wamenenepa, pumba hawazitaki tena."

Alicheka, kicheko kikakatika, nikamsikia anavuta makamasi.

"Hebu weka simu hapo chini," alisema. "Usage kidogo, nisikie."

Nikaiweka. Nikapiga magoti, nikasukuma jiwe dogo la mkononi juu ya kipande changu. Likaenda mbele kidogo tu, likagonga sakafu. Mlio wa mama ulikuwa mrefu, wangu unaishia njiani. Nikarudisha, nikasukuma tena, na tena, hadi simu ikakatika. Kama ni salio au ni yeye, sikuuliza.