Kitambaa Chini ya Mgomba

Mimi ni mtoto wa dukani. Kwetu Butembo baba aliuza majembe na mbegu, nasi tulijua bei ya kila kinachoingia ardhini bila kujua kinatokaje. Nilianza kulima hapa Masisi nikiwa na mvi, tena kwa kulazimika.

Mimea haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama kijana aliyekimbia kutoka Kingi na mimba kubwa, nikampa chumba nyuma ya duka ninalokodi. Akajifungulia humo binti, akawa anamlaza juu ya mabunda yangu ya vitenge. Kukaa bure hakuweza. Alikata bidoni, yale madumu ya mafuta, akajaza udongo, akapanda lengalenga, yaani mchicha, na mgomba mdogo ndani ya beseni bovu. Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, waliondoka kwenda Buleusa kwa ndugu za mume wake.

"Mama, unichungie miti yangu," aliniambia.

Niliichunga kwa kuimwagia maji mpaka majani yakawa manjano. Nikaanza kuchimbua nione kuna nini, na kila nilichokuta kilinitisha. Nilikuta vitu vyeupe mfano wa vidonge, nikampelekea juu ya sahani jirani yangu mkulima, mzee tunayemwita Papa. Akasema ni mayai ya konokono. Nikampelekea mdudu mnene mweupe aliyejikunja, akasema huyo ndiye anayekula mizizi, akanicheka mpaka nikanuna.

Kisha, chini ya mgomba, nikakuta kipande cha kitenge kimefungwa kwa uzi, na ndani kitu kidogo kigumu. Safari hii Papa hakucheka. Alirudi nyuma.

"Mama, hii njo dawa ya kuloga. Ule muntu alikutegea. Uichome."

Hasira zilinipanda. Wateja walikuwa wamepungua kweli, na mimi ndiye niliyemchemshia maji ya kuoga alipojifungua! Lakini sikutaka kuchoma kabla hajanisikia. Nikapiga simu mpaka ikashika.

"Uliweka nini mu beseni yangu?"

"Njo kitovu ya mutoto, Mama. Kwetu tunazika chini ya mugomba. Sikukuwa na shamba, njo nikazika pale."

Hasira iliniishia palepale. Kwa aibu nikamuuliza mtoto anaendeleaje.

"Homa ilimukamata mu njia. Tulimuzika kando ya barabara, mbiombio, watu walikuwa wanakimbia. Hata nikirudia ile njia, sitajua fasi ya kaburi."

Nilikaa na sahani magotini nikalia kama mtu aliyefiwa, kwa sababu nilikuwa nimefiwa. Nilikuwa nimemkogesha mtoto yule kwa mikono yangu. Nikakirudisha kitambaa mahali pake, nikafukia.

Lakini mizizi ilikuwa imejaa beseni, na hata mimi niliona kwamba mgomba ule utafia humo. Shamba sina. Nikarudi kwa Papa, nikamweleza yote, nikamwomba nafasi pembeni mwa shamba lake. Huku kwetu ardhi haiombwi hivihivi. Mtu akishapanda mgomba, kesho ukoo wake unaweza kuja kudai shamba.

"Ule mutoto alikuwa nani yako, Mama?"

"Mujukuu yangu," nilisema.

Akaingia ndani kuchukua jembe.