Kibuyu cha Bibi Kwenye Maabara

Mwalimu wetu wa baiolojia alituambia kila mtu alete kutoka nyumbani kitu ambacho ni sayansi, ila nyumbani hakuna anayekiita hivyo. Darasa zima likacheka. Sisi kidato cha tatu tunacheka kwanza, halafu ndiyo tunaulizana tumeambiwa nini.

Siku ya kuleta, meza ya mbele ilikuwa kama genge la sokoni. Magadi ya kulainishia makande. Jivu la kuchanganya na maharage ya mbegu ili wadudu wasiyatoboe. Mizizi iliyoviringishwa kwenye gazeti, ambayo mwenye kuileta hakujua inatibu nini. Aliikuta tu juu ya kabati. Kiranja wa maabara, kijana wa mjini, chalii wa Levolosi anayepiga pasi mpaka soksi, alileta kipimajoto.

"Hicho kila mtu anakiita sayansi," mwalimu akamwambia.

"Kwetu hakuna kingine, ticha. Kuna hiki na televisheni."

Mimi nilileta mdomo. Nikasema kwa bibi yangu kuna kibuyu ambacho ukiweka maziwa yanaganda vizuri, matamu, hata yakikaa siku nyingi. Ya mama yangu, kwenye jagi la plastiki huku Kimandolu, yananuka kabla hamjamaliza kuombea chakula.

"Kwa nini ya kwenye kibuyu hayanuki?"

"Kwa sababu kinachomwa ndani."

"Kinachomwa na nini?"

"Na moto, ticha."

Wenzangu wakagonga madawati. Mwalimu hakucheka. Ni kijana, katokea Moshi, na akipata wazo anasahau kwamba somo linatakiwa kuwa kwa Kiingereza. Akachora ubaoni kibuyu, pembeni yake akachora bika, ile glasi ya maabara. "Ng'ombe mmoja, maziwa yaleyale, nusu huku, nusu huku. Halafu tunaangalia. Kilete."

Sikuweza kukaa vizuri siku iliyobaki. Nilikuwa nimesema kwa kujigamba, na sasa kujigamba kwangu kumechorwa ubaoni.

Bibi anakaa juu, mteremkoni Meru, ambako migomba imeficha kahawa na kahawa imeficha nyumba. Nilipanda Jumapili baada ya ibada. Nikamkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kumwona mume au umekuja kula?"

"Mume kaa naye tu. Mimi nataka kibuyu."

Ungo ukasimama. Hakuuliza kipi, kwa sababu vingine vilishapasuka. Kilibaki kile alichokuja nacho mwenyewe alipoolewa, na ukoo mzima ulijua kinakwenda wapi: Jumamosi ile tulikuwa tunamuaga mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anayeolewa, na angeondoka nacho kimejaa maziwa mbele ya wakwe.

"Shuleni mnataka kukifanya nini?"

"Kukipima."

"Kina homa?"

Nikamweleza habari ya bika. Nikamuuliza wanachoma ndani kwa nini. Ili maziwa yawe mazuri, akasema. Na kwa nini yanakuwa mazuri? Kwa sababu tumechoma. Alipoona ninavyomtazama akaweka ungo chini kabisa.

"Mimi sijui, mama. Mama yangu alichoma, nami nikachoma. Nikimuuliza ananituma kuni. Huyo mwalimu wako akijua, aje aniambie."

Nadhani hicho ndicho kilichomfanya akubali. Lakini aliweka masharti. Kisioshwe kwa kitu chochote, hata maji. Alhamisi kiwe kimerudi, apate muda wa kugandisha maziwa ya wakwe. "Na kikirudi na neno, wewe ndiye utakayesimama Jumamosi uwaeleze. Si mimi, si mama yako."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachukua kijiti cha oloirien, ndivyo majirani zetu Wamaasai wanavyouita mzeituni wa porini, akakiweka motoni mpaka ncha ikawa kaa jekundu. Akakiingiza kibuyuni, akawa anazungusha na kusugua, moshi unatoka mdomoni mwa kibuyu kama mzee anavuta kiko. Vipande vya mkaa vikakatikia ndani. Akavitikisa, akavipondaponda, kisha akasugua kwa ufito wenye nywele za mkia wa ng'ombe na kukung'uta. Ndani kukabaki rangi nyeusi inayong'aa.

Jumatatu nilifika shule na kibuyu kwapani na maziwa ya ng'ombe wa bibi kwenye chupa. Mwalimu akamimina nusu kwa nusu, akafunika vyote viwili kwa kitambaa, akaviweka kwenye rafu karibu na dirisha. "Hakuna kugusa mpaka Jumatano," akasema.

Mwambie mtu mwingine asiguse. Kila kipindi nilitafuta sababu ya kupita maabara. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza kama naumwa.

"Hapana mwalimu. Nimeacha maziwa."

"Una mtoto?"

Hilo lilinifuata shule nzima. Wadogo wa kidato cha kwanza wakaanza kuniita mama fulani. Ningekuwa mimi ndiye niliyelitunga ningelifurahia sana.

Jumatano niliingia maabara wa kwanza. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vizuri. Bika lilikuwa limewekwa mahali pake, linang'aa. Kibuyu kilikuwa kimepinduliwa kwenye sinki, mdomo chini, kinachuruzika maji. Nikakiinua, nikanusa. Limau. Kibuyu cha bibi kilinuka kama choo cha hoteli.

Kiranja alikuwa nyuma yangu ameshika brashi, amefurahi kweli.

"Aisee, hicho kitu kilikuwa kichafu. Masizi ndani sijawahi kuona. Nimesugua kwa sabuni ya unga jana jioni na leo asubuhi tena, mpaka maji yametoka meupe."

"Na maziwa?"

"Yalikuwa yameshaganda, nikajua yameharibika. Nimemwaga."

Nilikuwa naiona Jumamosi: turubai, viti vya plastiki, wakwe, na mimi nimesimama mbele.

Mwalimu alipokuja akakaa kwenye stuli bila kuvua begi. Ukutani kulikuwa na karatasi ya sheria, na mojawapo inasema kila chombo kioshwe kwa sabuni kabla ya kipindi. Darasa likasubiri amwashie kiranja moto. Akasema taratibu, "Hiyo karatasi niliibandika mimi."

"Kwani yale masizi ndiyo yalikuwa dawa?" kiranja akauliza. Alikuwa bado ameshika brashi.

"Hilo ndilo tulilotaka kujua."

Basi kila mtu akawa fundi wa vibuyu. Mmoja akasema tukianike juani. Mwingine akasema maji ya moto, mwingine jivu. Jirani yangu wa dawati, binti wa Ngaramtoni ambaye kwao wanafuga, akasema kwa upole kabisa, kama anasoma tangazo la kanisani, kwamba bibi yake angetumia mkojo wa ng'ombe.

"Aliyeosha ndiye akakinge," mtu akasema kutoka nyuma, na vicheko vikafika mpaka ofisi ya walimu.

Mwalimu alituacha tucheke mpaka tukachoka. Halafu akauliza mkojo una nini ndani yake, na sabuni ina nini, na kwa nini watu wa ng'ombe wangefika kwenye wazo hilo kama halifanyi kazi. Au labda halifanyi kazi na wamezoea tu. Akasema hatuwezi kujaribu dawa kwa mgonjwa wa pekee. Tununue vibuyu vidogo Ngaramtoni, tuvioshe kwa sabuni ileile, kila kimoja tukitibu kwa njia yake.

"Itachukua muda gani, ticha?"

"Wiki kadhaa."

"Kesho ni Alhamisi."

Akanitazama. Nilikuwa nimeshamweleza habari za wakwe, ila nadhani ndiyo kwanza zilimwingia. "Nitakwenda na wewe kwa bibi," akasema.

"Usije. Bibi anataka umwambie kwa nini, na bado hujui."

Sikusema kwa dharau, ingawa ilisikika hivyo. Akakubali kwa kichwa. Aliyekuja Alhamisi ni kiranja, bila kualikwa, na viatu vyake vilivyong'arishwa. Njia nzima ya kupanda alikuwa akirukaruka madimbwi na kuuliza kama bibi yangu hupiga watu. Nikamwambia hupiga, ila kwa utaratibu.

"Shikamoo bibi," akasema tulipofika, akainama karibu aguse ardhi.

"Marahaba. Huyu nani?"

"Ndiye aliyekiosha," nikasema.

Bibi alipokea kibuyu, akaingiza kidole, akakitoa cheupe. Akamtazama kiranja kuanzia kola mpaka viatu.

"Umekiosha vizuri," akamwambia.

Kiranja angependa fimbo. Nilimwona.

Bibi akamimina maziwa kidogo, akatikisa, akayatia kwenye kiganja, akaonja, akanipa nami. Sabuni. Akayamwaga kwa mbwa, mbwa akanusa akaondoka. Akachoma kwa oloirien, akarudia maziwa. Sabuni tena, pungufu kidogo, au labda nilitaka iwe pungufu. Tulichoma mpaka jua likashuka nyuma ya migomba. Miguu yangu haikutulia, nilikuwa naenda jikoni, narudi, naenda zizini, narudi, bibi akaniambia nikae au niondoke, kibuyu hakitibiwi kwa kuzungukwa.

"Hakitawahi," akasema mwisho. Akamgeukia mama mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote. Mama mdogo akasema si kitu. Alisema vile watu wanavyosema ikiwa ni kitu.

Jumamosi turubai lilifungwa uani, kwaya ya usharika ikaimba, pilau ikaliwa. Ulipofika wakati wa kibuyu, bibi alikileta mwenyewe, akakiweka mezani mbele ya wakwe, kitupu, akarudi kukaa. Akanitazama. Mshereheshaji akanipa maikrofoni akidhani nimekuja kuchekesha, maana ukoo wote wananijua.

Nilianza na utani wa choo cha hoteli. Hakuna aliyecheka. Nikaacha, nikawaeleza kama ilivyokuwa: bika, kibuyu, karatasi ya ukutani, sabuni. Nikasema hakuna aliyekusudia. Nikasema mama mdogo hakuwa na kosa, alikuwa na mpwa tu. Sauti ilikuwa inatoka kwenye spika na kunirudia, na kila iliporudi ilikuwa ya mtoto zaidi.

Bibi wa bwana harusi, ambaye kwao ni upande wa pili wa mlima, aliinua mkono.

"Na yale ya kwenye glasi yalikuwaje?"

"Yalimwagwa, bibi. Yote."

"Bila mtu kuyaonja?"

"Bila."

"Kwa hiyo hamjui."

"Hatujui."

Akasikitika kweli, kuliko alivyosikitika kuhusu kibuyu. Akaomba apewe. Akanusa, akapitisha kucha ndani. "Mnachoma kwa mti gani huku?" Bibi akamjibu. Yule akasema kwao hawatumii oloirien, akataja mti mwingine kwa Kimeru, jina ambalo siwezi kuliandika. Bibi akasema huo unatia maziwa uchungu. Yule akasema uchungu upo kwa asiyejua kuchoma. Wakaendelea, mshereheshaji amesimama katikati bila maikrofoni yake, kwaya wamekaa wanasikiliza kama ni mahubiri.

Mama mkwe wa mama mdogo akajaribu kupatanisha. Akasema waondoke na kibuyu, na huko kwao kitachomwa kwa miti yote miwili, amani iwepo.

"Hapana," nikasema, na maikrofoni ikasema pamoja nami. "Msichome kwa yote miwili. Kikipona hatutajua ni upi uliokiponya."

Mama yangu alifunika uso kwa kitenge. Mtoto hawapangii wakwe, tena siku ya kuomba radhi. Bibi wa bwana harusi alinitazama, kibuyu mapajani.

"Basi tunaanza na wa kwetu," akasema.

"Kwa nini wenu?" bibi akauliza.

"Kwa sababu wenu umeshashindwa."

Sijawahi kuona mtu akimjibu bibi hivyo. Kibuyu kikaondoka kitupu kwenye mapaja ya yule bibi wa upande wa wakwe, kwenye kiti cha mbele cha gari la bwana harusi, na mama mdogo akakaa nyuma.

Shuleni vibuyu vidogo vipo sasa kwenye rafu, vimenunuliwa Ngaramtoni, na kiranja amebandika karatasi mpya chini yake: asiguse mtu, hasa mimi. Hajaeleza huyo mimi ni nani. Kimoja ni cha oloirien, kimoja cha jivu, kimoja cha juani tu, na kimoja ni kile ambacho kiranja huwa anakijaza akiwa amegeuzia uso pembeni. Mpaka leo vyote bado vinanuka limau, kwa viwango tofauti, na mwalimu anatuzuia kusema kipi kinaongoza.

Lakini hivyo si vya mtu. Mimi nampigia simu mama mdogo karibu kila nikitoka shule. Bado sabuni, ananiambia. Leo kidogo. Leo sijui, nina mafua. Bibi ananiuliza habari na mimi namjibu, na kila nikisema bado, anajitahidi asifurahi kwamba mti wa wale wengine nao haujaweza, halafu anakumbuka kibuyu ni chake na anasikitika.

Jana mama mdogo alipiga yeye.

"Baba mkwe kanywa kikombe kizima."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu."

"Hakusema kitu vizuri, au hakusema kitu vibaya?"

"Nitajuaje? Kanywa, kafuta ndevu, kaenda shambani."

Nikamwambia amfuate huko shambani amuulize.