Bega la Tumu Boga

Hando la Tumu Boga lilikaa kwangu wiki nzima, limetandazwa juu ya kitanda cha wageni, maana si nguo ya kukunjwa ovyo. Kwa asiyelijua, hando ni sketi ya kitambaa cheupe, mikunjo juu ya mikunjo, waliyokuwa wakiivaa nyanya zetu ili nyonga zijae. Hili alilishona mamake Tumu kwa mkono. Panya walikuwa wameingia sandukuni wakalitafuna upande mmoja, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye cherehani hapa Mwabungo, akaniletea mimi.

"Dada, nishonee upesi," aliniambia. "Nalivaa Msambweni, arusini kwa mjukuu wa Rai. Rai mwenyewe amekubali kupiga ngoma."

Nikasimamisha cherehani. "Rai huyu huyu?"

"Kwani wako wangapi?"

Sikuwa nimemwona Tumu na uso ule kwa miaka mingi. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake amefungua macho.

Tumu ni jirani yangu, ua wake na wangu umegawanywa na makuti tu. Ni mwanamke mrefu, mwembamba, goti moja humuuma, na amepita sitini. Amecheza ngoma tangu hajavunja ungo. Mume wa kwanza alimwacha kwa ajili ya ngoma. Wa pili alimwoa kwa ajili ya ngoma, naye akaja akamwacha kwa ajili hiyo hiyo. Mtoto wake mmoja wa kike yuko Uarabuni kwa kazi za nyumbani, akamwachia mjukuu, Muhsina, ambaye sasa ni msichana mzima, amemaliza shule na yupo tu nyumbani. Watu wa swala kama mimi huulizwa tunahusiana nini na wachezaji ngoma. Mimi humjibu anayeuliza kwamba Tumu hajanipita asubuhi hata moja bila kunijulia hali, na hukumu si yangu.

Ngoma yake ni sengenya, ngoma yetu ya Kidigo, na kwa Tumu na Rai, mpigaji wake, ilikuwa na utaratibu wake. Mchezaji wa mbele hafuati ngoma. Ngoma ndiyo inayomfuata yeye. Mpigaji huketi akalitazama bega lake la kushoto, na bega likiinuka, mkono wa mpigaji unaanguka. Likikawia, naye anakawia. Likitetemeka, ngoma inatetemeka. Kwa hiyo hakuna sengenya mbili zilizofanana, kwa sababu mchezaji huitunga pale pale aliposimama.

"Watu wanadhani kucheza ni kiuno," alikuwa akiniambia huku nikipachika mikunjo. "Kiuno chaja baadaye, kiuno ni mtumishi. Kitu chatoka hapa begani, na mimi mwenyewe sikijui mpaka kimeshatoka. Namwona Rai amekishika kule, ndipo nami najua nilikuwa nikisema nini."

"Na asipokishika?"

"Rai? Rai alikuwa akikishika kabla sijamaliza kukifikiria, alaaniwe." Akacheka, kisha akaguna. "Astaghfirullahi. Mgonjwa wa watu."

Walicheza pamoja tangu ujana wao. Walianza kwenye maarusi ya Msambweni na Funzi, mpaka wakafika Lunga Lunga. Baadaye hoteli moja ya Diani ikawachukua wacheze huku wageni wakila chakula cha jioni. Hapo mwanzoni walikuwa kundi zima, na zumari na upatu. Kisha sukari ikampanda Rai, akakatwa mguu, akabaki kwao Msambweni. Vijana wa kundi wakatawanyika, huyu kwenye bodaboda, huyu kwenye mjengo. Akabaki Tumu na flashi.

Flashi aliileta Cliff, meneja wa burudani wa hoteli, kijana wa bara mwenye heshima zake. Aliwahi kumrekodi Rai siku moja kabla hajaugua, sehemu ya kati tu, ile ya kasi. "Mathe, usijali," alimwambia Tumu. "Rai yuko hapa ndani, hachoki, haombi chai. Wewe ingia tu na biti."

Naye akaingia. Angefanyaje? Muhsina alikuwa mdogo, na chakula hakiji kwa maombolezo. Hando likawekwa sandukuni, wakampa sketi ya katani, kwa kuwa nyeupe iliwakumbusha wageni hospitali. Zile dakika za mwanzo, ambapo mchezaji husimama kimya na bega likalala mpaka watu wote wameacha kuzungumza, zikaondolewa. Mgeni hawezi kushika uma hewani akingoja.

"Unajua wananiitaje?" aliniuliza siku moja. "Cliff akisimama kwenye kipaza sauti husema, 'Na sasa, utamaduni!' Ndiyo mimi naingia. Nina jina nimepewa na babangu, lakini jioni mimi ni Utamaduni."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi ni mwanamke mwenye goti."

Picha yake ya ujanani iko kwenye lango la hoteli ile, kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Meno yote yanaonekana, na chini yake wameandika "Karibu". Yeye mwenyewe huingia kwa lango la nyuma, pamoja na samaki.

Muhsina alikuwa amekwisha kujifunza. Jioni za likizo alikuwa akimfuata nyanyake hotelini, na nyumbani alikuwa na ile ngoma kwenye simu. Alicheza vizuri, msichana mwepesi, hakosei. Tumu alikuwa akimtazama uani, kisha anageuza uso. Siku moja niliuliza kwa nini hamsifu mtoto.

"Anaijua ile ya flashi," alisema. "Ile niliyopewa mimi hana. Wala siwezi kumpa peke yangu, dada. Ni kama kumfundisha mtu kuzungumza na asiyejibu. Lazima awepo Rai, aone mimi nikiinua na Rai akiangusha. Aone mara moja tu. Mara moja itamtosha, ana macho."

Basi sasa mnajua kwa nini hando lilitolewa sandukuni, na kwa nini nilishona huku nikimwomba Mungu. Rai alikuwa hatoki tena kitandani ila kwa kubebwa. Kama Muhsina asingeona siku hiyo, kusingekuwa na siku nyingine.

Tulifika Msambweni nikahi imeshasomwa na wanaume wamekwisha kula pilau. Alasiri, ua ukasafishwa, mikeka ikatandikwa. Rai akaletwa na wanawe wawili, wakamkalisha kwenye kiti, ngoma kubwa ikawekwa mbele ya goti lake lililobaki. Alikuwa amekauka, lakini mikono ilikuwa ile ile, mikubwa, kama ya mtu mwingine.

Muhsina akainama. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiye Muhsina? Simama hapa karibu yangu. Usitazame miguu ya nyanyako, miguu haina habari. Tazama bega."

"Na wewe, babu, nikutazame?"

"Mimi mbaya, nitakutia kiwewe," akasema Rai, watu wakacheka.

Tumu akatoka chumbani amevaa hando. Wallahi wazee wengine walisimama. Akaja katikati ya ua, akatulia, mikono imening'inia. Bega la kushoto likalala. Kelele zikapungua, zikapungua, mpaka nikasikia sufuria zikioshwa nyuma ya nyumba. Rai ameinua mkono, macho yake yameganda begani pale.

Tukangoja.

Mwanzoni nilidhani ndiyo ufundi wenyewe, kukawia. Uso wa Tumu ulikuwa umetulia. Kisha niliona macho yake yanateleza, yakaenda kwenye mkono wa Rai. Akautazama kama anavyotazama mtu mlango utakaofunguliwa.

Shangazi mmoja wa bi arusi, mwanamke mnene mwenye domo, akapasua kimya. "Tumu! Au wangoja uletewe Mzungu?"

Watu wakacheka. Tumu naye akacheka kidogo, akajifuta jasho. Rai hakucheka. Akapiga pigo moja, polepole. Bega la Tumu likaruka, lakini baada ya pigo. Rai akapiga la pili. Likaruka tena, baada yake. Akasimamisha mkono hewani, na bega likasimama pia.

"Wanifuata, Tumu," akasema.

"Sikufuati."

"Wanifuata. Mimi nakungoja wewe."

"Haya. Haya, Rai, ngoja."

Akafunga macho. Nikamwona anakitafuta, jinsi mtu anavyotafuta jina la mtu anayemjua sana. Bega likainuka kweli, na Rai akaangusha mkono kwa furaha, dum! Lakini iliyofuata ilikuwa ile ile ya hotelini, hatua kwa hatua, ile ya kasi, pale pale ilipoanzia kwenye flashi. Rai aliijua mara moja, ilikuwa mikono yake mwenyewe ya zamani. Akapiga kidogo kwa huruma. Halafu akaweka viganja vyote viwili juu ya ngozi ya ngoma, ikanyamaza.

"Ulikuwa na mambo mengi wewe," akamwambia kwa sauti ndogo. "Yako wapi?"

Tumu alisimama katikati ya ua na lile hando jeupe, na mimi nikaona mahali nilipotia kiraka, mshono wangu wa mashine ulivyo mnyoofu kando ya ule wa mamake.

Watu wa arusini hawapendi kimya. Swafwan, kaka wa bi arusi, hakuwa na nia mbaya. Alimwona nyanya wa watu anaaibika, akachomeka simu kwenye spika, akaweka ile ile iliyokuwa imesambaa mtandaoni kutoka hotelini. Ngoma ya Rai ikatoka kwenye spika, na Rai mwenyewe yuko pale mikono mapajani. Vigelegele vikapigwa. Vijana wakaingia uani. Shangazi mwenye domo akamvuta Muhsina, na Muhsina akacheza akatunzwa noti nyingi, kila mtu akasema kweli damu ni damu. Tumu pia alicheza. Hakukosea hata mahali pamoja.

Rai akaomba arudishwe ndani.

Alifariki kabla Ramadhani haijaandama. Tulikwenda kuzika na kukaa matanga, tukasoma, tukarudi. Nilipomwambia Tumu hando lake ameliacha kwangu tangu turudi arusini, alisema, "Likae, dada," nami nikalirudisha juu ya kitanda cha wageni. Liko pale hata sasa. Mgeni akija namtandikia chini.

Siku chache baadaye nilikuwa nikianua nguo, nikawasikia upande wa pili wa makuti, nikachungulia. Muhsina alikuwa amesimama uani bila simu, bila ngoma yoyote, mikono imening'inia. Msichana ana macho, nyanyake alisema kweli. Alikuwa ameona kwamba kulikuwa na kitu.

Akaliinua bega. "Hivi, nyanya?"

Tumu alikuwa ameketi kwenye kigoda akifunga kitambaa cha goti.

"Sijui, mwanangu."

"Au polepole zaidi? Hivi?"

"Sijui. Aliyekuwa akiniambia ni yeye."

Muhsina akajaribu tena, safari hii akalikawiza katikati, likatetemeka kidogo kabla ya kushuka. Mimi nilishika kipande cha nguo kifuani, maana bega lile lilinigusa, lakini mimi si mtu wa kuulizwa. Tumu alifungua mdomo. Gari la hoteli likapiga honi barabarani, akaufunga, akachukua mfuko wa sketi ya katani, akatoka. Muhsina alibaki pale pale, bega liko juu, akimtazama nani sijui.