Matone ya Kufidia

Awadhi wa Ng'ambo alishuku hata kivuli chake; ukimpa mkono, alihakikisha vidole vyake vyote vimerudi. Mtu pekee aliyemwamini ni Octavian, seremala kutoka Sikonge, aliyefanya naye kazi tangu wote wawili hawajaota ndevu. Octavian aliranda na kuunga mbao, Awadhi akapaka vanishi.

Fahari ya Awadhi ilikuwa kichupa cha dawa ya kulainisha. Matone machache tu kwenye kopo, na vanishi hujitandaza yenyewe, nyembamba na sawasawa, alama za brashi zikapotea. Siku ya pili baada ya kununua kichupa kipya, dawa yake ilionekana nyepesi kuliko ya zamani. Mwingine angekwenda kumuuliza muuza duka. Awadhi, Mungu amsamehe, alimtazama Octavian, kwa kuwa ndiye mwenye ufunguo wa pili wa karakana. Bila shaka anaiba na kujazia thina.

Za mwizi arobaini, alijiambia, akaongeza matone kufidia kilichoibwa. Kitanda cha mninga kikakauka na vishimo vidogo kote, kama uji unaotokota. Kwake huo ulikuwa ushahidi. Akakipiga msasa, akazidisha matone; vishimo vikazidi, na shaka nayo ikazidi. Akaanza kunusa mikono ya mwenzake wakisalimiana. Mwishowe akamwambia aache ufunguo mezani. Octavian aliuliza kosa lake, akajibiwa kwamba analijua mwenyewe. Akachukua randa yake, akaenda zake.

Ukabaki ubao wa kichwani mwa kitanda, na kichupani mna mabaki tu. Awadhi akayakamua, akapaka basi tu, potelea mbali. Kesho yake ubao ulikuwa laini, hauna kishimo hata kimoja. Dawa ilikuwa nzima siku zote. Wingi wake ndio ulioharibu, na aliyeizidisha ni yeye.

Alikwenda kwa Octavian aibu imemjaa, akaeleza yote, hata habari ya kunusa mikono, akaomba radhi.

"Nimekusamehe, na kesho nitakuja kazini," alisema Octavian. "Ila ufunguo kaa nao. Na kila jioni, kabla sijatoka, utanipekua mfuko."

"Hakuna haja, ndugu yangu."

"Haja ninayo mimi."

Mpaka leo, jua likielekea kuzama, Octavian husimama mlangoni na kuufungua mfuko wake, na Awadhi hana budi kutazama ndani.